Kidole cha Kupimia Maji

Mimi ni mzaliwa wa baridi. Kwetu Iyunga, nje kidogo ya mji wa Mbeya, asubuhi za mwezi wa saba tulikuwa tukifungua mlango tunakuta sakitu imetanda juu ya nyasi, nyeupe kama chumvi, na sisi watoto tunashindana kuikanyaga kwa miguu mitupu ili tuone nani atalia wa kwanza. Sikuwahi kulia wa kwanza. Nalisema hilo kwa majivuno, na najua mtu wa umri wangu hapaswi kujivunia jambo kama hilo, lakini ndivyo nilivyo.

Utotoni niliamini kwamba kila chenye uhai kina mahali pake pa kusikilizia joto. Ng'ombe wa baba walisikia kwa ubavu: jua likichomoza walisimama wote wakiligeuzia mbavu, na likiwa kali waligeuka wakalipa vichwa, liwachome kidogo. Nyuki wake hawakutoka mzingani mpaka ubao wa mbele upate moto, hata kama maua yalikuwa yamefunguka tangu alfajiri. Kuku alisikia kwa tumbo. Akiatamia alibaki na ngozi tupu pale chini, manyoya yamekwisha, na yai likipoa upande mmoja aliligeuza kwa mdomo bila kulitazama.

Mama yangu alisikia kwa kope. Alichukua yai lililoatamiwa, akafumba jicho, akaligusisha ukope, kisha akakwambia kama lina kifaranga au limeharibika. Maji ya kuogeshea mtoto aliyapima kwa kiwiko. Nilimuuliza kwa nini asitumie vidole kama watu wengine. Akasema vidole vya mwanamke vimekaa na moto miaka mingi, vimekuwa mashahidi waliohongwa.

Miaka ya hamsini ilipokuwa imeanza tu nikaolewa Iringa, sehemu za Kihesa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, akienda na kurudi kati ya Iringa na Mbeya, na lori hilohilo ndilo lililonipeleka kwake. Niliondoka Iyunga nimevaa sweta na blanketi juu yake. Tuliposhuka Chimala nilivua blanketi, kisha sweta, kisha nikatamani kuvua na ngozi. Watu wa pale walikuwa wamekaa barazani wanaongea kana kwamba hakuna lolote. Kufika Makambako nikavaa vyote tena, meno yanagongana, na turnboi, msaidizi wa lori, akanicheka kwamba mimi si ndiye niliyejisifia sakitu. Mwili wangu ulikuwa umezoea Chimala kwa saa chache tu, nao ukaona baridi ya kawaida kuwa ni mwisho wa dunia.

Mama mkwe alinipokea hivyo hivyo nikitetemeka. Alikuwa mjane, Mhehe, mrefu kuliko mimi, Mluteri wa kukaa benchi la mbele, mwanamke ambaye jembe lilikuwa jepesi mikononi mwake. Kiswahili kilikuwa cha kuazima kwake na kwangu, yeye akitoka kwenye Kihehe na mimi kwenye Kisafwa, kwa hiyo tulikutana katikati tukivunja sarufi kwa usawa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi alinipa siku ya pili.

Kijiji kizima kilimsifu kwa mikono yake. Alitoa chungu motoni bila majani wala kitambaa, akakibeba hadi nje akiwa anasalimiana na watu. Mimi nilitumia kitambaa, na kila nilipokishika aliwaambia jirani zake kwamba mkwe wake amekuja na glovu kutoka Mbeya. Nilijaribu kumwiga mara moja. Nilikidondosha chungu, nikaungua vidole viwili, na maharage ya watu saba yakaliwa na kuku.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa vyungu. Ilikuwa kidole chake cha mwisho, kile kidogo cha mkono wa kulia. Kwa kidole hicho alipima kila kitu: uji, maziwa, maji, pombe ya ulezi. Alinieleza sababu yake, na ilikuwa sababu ya mtu mwenye akili. Vidole vingine vinashika jembe, vinashika mtwangio, vinaota sugu. Kile kidogo hukaa pembeni tu, hakifanyi kazi, kwa hiyo ngozi yake ni laini kama ya mtoto. Na mkono wa kushoto, ambao hauna sugu nyingi, hauingizwi kwenye chakula wala kwenye maji ya mtoto. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile, aliirithi kwa mama yake naye kwa mama yake.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa togwa. Kila Jumapili alipeleka togwa kwa wanakwaya, na watu waliisubiri kuliko mahubiri, Mungu anisamehe. Kazi yangu ilikuwa kuotesha ulezi, kuuanika na kuusaga tupate kimea. Yeye alipika uji, akausubiri upoe, akachomeka kidole, na ulipokuwa vuguvugu akatia kimea. Uji mzito hulegea hapohapo na kuanza kuwa mtamu. Ukitia kimea uji ungali wa moto, kimea kinaungua na uji unabaki vilevile, mzito, hauna ladha.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu togwa ikaanza kukataa. Jumapili ya kwanza wanakwaya walikunywa kwa heshima. Ya pili walikunywa nusu. Ya tatu mama mkwe alirudi na mtungi umejaa, akautua mbele yangu, akasema kwa upole, ambao uliniuma kuliko makelele, kwamba labda ulezi hauoti vizuri mikononi mwa watu wa baridi. Nilijua kimea changu hakina kosa. Nilikuwa nimekionja. Lakini ningesema nini, ile hali niliyokuwa nayo, tumbo la miezi minane, na mume yuko njiani Chimala? Nilinyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima. Mama yangu alikuwa mbali, kwa hiyo aliyenikanda ni mama mkwe. Wanaojua kukandwa wanajua: maji ya moto, kitambaa kinene, tumbo la mzazi linakandwa ili lirudi. Kila mzazi analia. Mimi nililia nikaruka hadi ukutani. Wanawake wawili waliokuja kusaidia walisema ndivyo ilivyo, mwache ajue uchungu wa uzazi, na mama mkwe akakamua kitambaa kinachotoa moshi kwa mikono mitupu huku akiuliza kama Mbeya wanazaa bila kukandwa. Tumbo langu lilikuwa jekundu. Nilidhani Wahehe ni watu wa chuma, nikawaonea wivu kidogo.

Siku ya tano aliandaa maji ya mtoto kwenye karai. Akachomeka kidole chake, akatulia kidogo kama ilivyo desturi yake, akasema maji yako sawa. Akanyoosha mikono nimpe mtoto. Sijui ni nini kilichonituma. Nadhani ni togwa, ile hasira ya kusingiziwa kimea, iliyonifanya nitake kumpata na kosa walau mara moja. Niliinama nikachovya kiwiko.

Nilikitoa kwa yowe. Maji yale yangemchuna mtoto ngozi.

Nilimvuta mwanangu kifuani nikasema maneno ambayo mkwe hasemi kwa mama mkwe. Nilisema anataka kuniulia mtoto. Yeye alisimama pale na mkono unatiririka maji, akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake mwenyewe.

"Kidole yangu hii," alisema, "imeogesha watoto kumi na moja. Haijadanganya hata siku moja."

Akatoka. Tulikaa siku mbili bila kusemeshana, jambo gumu katika nyumba yenye jiko moja. Mtoto nilimwogesha mwenyewe, nikipima maji kwa kiwiko, nikihakikisha mama mkwe ananiona.

Siku ya tatu jioni alikuwa anachoma mahindi. Alikaa na mgongo kwangu, akigeuza mahindi juu ya makaa, na kwa kuwa hakutaka kunisemesha alikuwa anamsemesha paka. Nikasikia harufu. Mwanzoni nilidhani ni nywele za hindi. Kisha nikaona kidole chake kidogo kimeegemea figa, jiwe la jiko lililokuwa limetoka motoni, na yeye anaongea tu, anamwuliza paka kama ameshiba. Nilimshika mkono nikauvuta. Kidole kilikuwa kimevimba lengelenge upande mzima, na juu ya lengelenge kulikuwa na makovu mengine, ya zamani, ambayo sikuwahi kuyaona kwa sababu sikuwahi kutazama.

Hasira yote iliniisha. Sijawahi kuogopa namna ile, wala wakati wa kujifungua. Sikumuuliza kitu. Nilichukua makopo mawili, moja nikajaza maji ya mtungini na jingine maji ya kwenye sufuria, nikamwomba afumbe macho. Nilitegemea atanifukuza. Alifumba. Nikakigusisha kidole kopo la kwanza, akasema ni baridi. La pili, la moto, akasema ni baridi. Nikarudia, nikabadilisha, nikajaribu ukingo wote wa kiganja hadi kifundoni. Kila nilipogusa alisema ni baridi. Baadaye akaacha kujibu. Alifumbua macho akaona ni kopo lipi nililokuwa nimelishika, na moshi wake.

Alifunika mkono kwa khanga.

Kisha alinieleza. Alidhani ni sugu, kwamba uzee umekifikia hata kidole kisichofanya kazi. Mwezi wa nne aliungua na kugundua kwa harufu, na tangu siku hiyo alishuku, lakini hakutaka kujua. Alipokuwa msichana kwao kijijini palikuwa na mjomba wake aliyetengwa ng'ambo ya kijito. Chakula chake kiliwekwa juu ya jiwe. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kukipeleka, akakiweka, akakimbia bila kuangalia nyuma, na hadi leo hajui mjomba yule alikufa siku gani.

"Sasa itakuwa mimi kwenye jiwe," alisema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikuwa na methali hiyo mdomoni tayari. Niliimeza. Kesho yake asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikamwambia twende zahanati, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe alinitii.

Dresa wa zahanati, yaani tabibu msaidizi, alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kikohozi. Alitumia njia ileile niliyotumia mimi jikoni, na nakiri nilivimba kichwa. Alikuwa na vichupa viwili, kimoja cha maji ya moto na kingine ya baridi, akamfumba macho, akaanza begani akishuka taratibu, hapa je, na hapa. Alitumia pia unyoya wa kuku. Nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, alikuta baka lililopauka, pana kiasi cha jani la mparachichi, halina jasho wala habari. Akatuambia jina la ugonjwa bila kuzunguka. Ukoma. Akasema pia, haraka kabla mama mkwe hajaanguka kwenye kiti, kwamba amekuja mapema. Vidonge vipo, atakunywa miaka kadhaa, mkono hautaendelea kuharibika akijitunza, ingawa kidole hakitarudi. Aina yake si ile ya kuambukiza watu. Akae kwake, alime, apike, ila ashike vyungu kwa kitambaa na aukague mkono kila jioni kwa macho, kwa kuwa mkono wenyewe hautamwambia tena.

Mume wangu aliporudi safari alilia, kisha akamnunulia mama yake kitambaa kinene cha kushikia vyungu, akakileta kama mtu anayeleta zawadi ya harusi. Mama mkwe alivipokea vidonge na kitambaa. Alichokataa ni neno la dresa kuhusu kuambukiza. Alijitengea bakuli. Alijitengea kata ya maji. Alikula kwenye kona, akatuambia mavuno yakiisha atahamia kwenye kibanda cha shambani, akae huko. Mtoto hakumgusa tena. Alikaa mbali, mikono ndani ya khanga, akimwimbia kutoka upande wa pili wa chumba.

Sitadanganya katika maandishi haya. Nilimwambia abaki, lakini niliposema abaki, moyoni kulikuwa na sehemu ndogo iliyoshukuru kwamba hamgusi. Niliamini vidonge, niliamini dresa, na bado nilishukuru. Nadhani aliiona sehemu hiyo. Wakwe huona kila kitu isipokuwa kimea kizuri.

Mwezi wa sita ukafika na mavuno yakaisha. Alifunga mzigo wake Jumatano, aondoke Jumamosi. Alhamisi nilikuwa jikoni tangu asubuhi, nachochea moto, nasonga ugali, mikono imejaa joto hadi vifundoni. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Niliona amekuwa mkimya, nikaenda nikamwekea kiganja kwenye paji la uso. Alikuwa wa baridi, baridi kabisa, hata nikamwongezea blanketi. Nikarudi kwenye ugali wangu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini. Aliniambia kwamba paka ameacha moto. Sikumwelewa. Akarudia: paka huyu, ambaye tangu kuzaliwa kwake hajawahi kuondoka kwenye majivu mwezi wa sita, ameondoka jikoni, amekwenda kulala amejikunja kwenye ubavu wa mtoto. Nilisema paka ni paka. Yeye akainuka. Alikwenda mkekani, akapiga magoti, mikono bado imefichwa ndani ya khanga kama ya mfungwa, akainama akamgusisha mtoto midomo kwenye shingo.

"Huyu anaungua," alisema. "Mtoe blanketi, mkwe. Twende."

Nilimgusa tena kwa kiganja, nikaona ni wa kawaida. Nikamgusa kwa kiwiko, nikalitupa blanketi kando. Mikono yangu iliyotoka motoni ilikuwa na moto kuliko homa ya mtoto, kwa hiyo ilimwona yeye ndiye wa baridi, kama vile mimi nilivyotoka Chimala nikaiona Makambako barafu. Mikono mizima, yenye vidole kumi vinavyosikia.

Tulishuka mjini karibu tunakimbia. Dresa alisikiliza kifua, akachoma sindano, akatuweka pale hadi alasiri, akachoma nyingine. Mapafu, alisema, lakini mmekuja mapema. Alimtazama mama mkwe akacheka, akasema familia hii angalau inajua saa. Mtoto alianza kunyonya. Akatuambia tuondoke naye, turudi kesho na keshokutwa.

Kupanda kurudi Kihesa kulinishinda. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Karibu na nusu ya mlima nilikaa kando ya njia, mtoto mapajani, watu wanapita wakitoka sokoni wanatusalimia. Mama mkwe alisimama hatua tano kutoka kwangu, kama kawaida yake siku hizo. Nilikuwa nimechoka mno kuchagua maneno, nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwamba nilishukuru alipoacha kumshika mtoto, na kwamba naona haya. Nilimwambia leo nilikuwa namfunika mwanangu blanketi la kumwua, na aliyemwokoa ni mtu aliyefunga mzigo ili asimdhuru.

"Ukienda shambani, mama," nilisema, "mimi nitabaki na nani?"

Kundi la wanawake wa kanisani kwake lilikuwa linapanda, wote wanajua habari zake, na nilimwona anawaangalia wakija. Alisubiri hadi walipotufikia kabisa. Ndipo akatoa mikono yote miwili kwenye khanga, mbele yao, ule wenye kidole kilichokauka na mwenzake.

"Nipe mtoto," alisema.

Nikampa. Alimgeuza mgongoni, nikamsaidia kuikaza khanga kwa sababu kidole kile hakikuweza kushika fundo, na wale wanawake wakatupisha njia. Alitangulia. Tulipokaribia juu alisimama kidogo, si kwa kuchoka, akatulia kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Anapoa," alisema bila kugeuka. "Mgongo unamsikia."